Mafuta ya Moshi Hayapashwi Moto

Siku tuliyomaliza kilio cha mama mkwe wangu, hapa Goma alikokimbilia uzeeni, mjukuu wake mmoja alichukua bakuli la mafuta ya moshi niliyoyatengeneza kwa mikono yangu, akaliingiza ndani ya mikro-onde, ile mashine ya kupashia chakula. Nilisikia mlio wa mashine nikiwa sebuleni na wageni, nikajua. Nilipofika jikoni mafuta yalikuwa yamejitenga na nyama, yanatokota pembeni kama supu ya jana, na msichana amesimama na mkate mkononi akingoja. Nilimnyang'anya bakuli. Ni mtoto mwenye adabu, anasoma chuo kikuu, hakunijibu vibaya. Alisema tu, "Tante, kuko nini? Ilikuwa imeganda." Nikafungua mdomo nimweleze, nikakuta sina maelezo mafupi. Mtu hawezi kusimama jikoni siku ya matanga, watu wanasubiri chai, akaeleza kwa nini bakuli moja la nguruwe limemfanya apandishe hasira mbele ya watoto. Nikamwambia aende akagawe vikombe. Nikabaki na lile bakuli lililoharibika, nina hasira na yeye, nina hasira na marehemu, na zaidi nina hasira na mwaka ule wa kwanza wa ndoa yangu, mwaka niliokaa Kibabi, kijijini kwa mama mkwe.

Kwa asiyejua, mafuta ya moshi ni nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, ikaning'inizwa juu ya moto mpaka ikawa nyeusi nje na nyekundu ndani, kisha ikachemshwa polepole, ikachambuliwa kwa vidole, ikapondwa kwenye kinu pamoja na mafuta yake yenyewe hadi ikalainika na kuweza kupakwa. Waliopita kwa masista wanaiita pate. Sisi tuliita mafuta ya moshi, ingawa ndani nyama ni nyingi kuliko mafuta. Hukaa ndani ya chungu, na juu yake humiminwa mafuta meupe yanayoganda na kuifunika, na hivyo hukaa muda mrefu bila kuharibika, hasa kwenye baridi ya milima ya Masisi. Kuitengeneza ni kazi, lakini kazi hiyo mtu yeyote mwenye mikono atajifunza. Kuigawa ndiko kulikonimaliza.

Nilifika Kibabi baada ya mavuno ya maharagwe, nikiwa mke mpya wa Janvier. Nilitoka Mubi, upande wa Walikale, kwenye barabara ya msituni, ambako mama yangu alikuwa na restora ya madereva na wachimbaji. Kwa hiyo mimi sikuja mikono mitupu. Nilijua kuhudumia watu. Mtu anashuka kwenye lori akiwa na matope mpaka kiunoni, hakusalimii, anakwambia leta, na wewe unaleta, cha moto, sahani imejaa, kabla hajakaa vizuri. Mubi chakula cha baridi ni tusi. Unaweza kumpa mtu mchuzi wa jana akakusamehe, lakini si mchuzi wa baridi. Niliingia jikoni kwa mama mkwe wangu nikiwa na hakika kwamba kazi hii, kama kuna kazi ninayoijua duniani, ni hii.

Jiko lile lilikuwa nyumba ya mbao peke yake nyuma ya nyumba kubwa, ndani nyeusi kwa masizi hadi ukigusa ukuta unaondoka na kidole cheusi. Katikati mafiga, juu ya mafiga uchanja uliofungwa kwa waya, na juu ya uchanja vipande vya nguruwe vilivyodondosha mafuta tone kwa tone kwenye moto, kila tone likilia. Mama Veneranda, ndilo jina la mama mkwe wangu, alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye kutembea kama mtu anayebeba kitu kichwani hata asipobeba. Hakukubali kuni za mikaratusi, alisema zinafanya nyama inuke dawa ya kifua. Alitaka matawi makavu ya mparachichi, na alitaka moshi bila ndimi za moto, kwa hiyo tulikaa mle ndani tukilia machozi mchana kutwa, yeye na mimi na wifi yangu Odeti, binti yake wa mwisho, tukipulizia na kumwagia maji, tukipulizia na kumwagia maji. Nguo zangu za arusi, zile mama yangu alizonikunjia kwenye valizi na vipande vya sabuni, zote zilinuka nguruwe kabla hata sijazivaa.

Jumapili yangu ya kwanza walikuja wazee wa ukoo na katekista kumwona bibi arusi. Mama Veneranda alinituma chungu. Nilikikuta chini, kwenye kona ya baridi nyuma ya mifuko ya viazi, nikatia kidole: hakuna joto, mafuta magumu kama mshumaa. Nikaona aibu kwa niaba ya nyumba. Nikakiweka kando ya mafiga, nikageuza geuza, mafuta yakayeyuka vizuri, yakang'aa, harufu ikajaa jiko, nikakipeleka sebuleni nikijisikia nimeokoa siku. Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili. Akakihisi joto. Hakubadilika uso.

"Nani aliweka chungu karibu na moto?"

"Ni miye, Mama. Mafuta ilikuwa imeganda."

"Njo vile inatakiwa kuwa," alisema. Akakiweka chini ya kiti chake, akakisukuma kwa kisigino, akawageukia wageni akitabasamu. "Leo tutakula maharaki. Mafuta iko mugonjwa."

Wazee walicheka. Katekista alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilisimama na kijiko mkononi, sijazoea hata mlango wa nyumba hiyo, nikiangalia watu wanakula maharagwe na kusema yametiwa chumvi vizuri. Nadhani angenifokea ningelia, yangeisha. Lakini mama Veneranda hakufoka. Jioni alinionyesha jambo moja tu: alichukua kiazi kilichochemshwa na maganda yake, kingali cha moto, akakipasua kwa mikono bila kisu, akaweka juu yake donge la mafuta ya baridi, akakisogeza mbele yangu, akanishika mkono nisile. Tukangoja. Kidogo kidogo ukingo wa lile donge ulianza kung'aa, kisha ukalegea, kisha ukaingia wenyewe kwenye nyufa za kiazi, katikati pakibaki baridi. "Sasa," alisema. Nilikula. Kulikuwa na moto na baridi ndani ya mdomo mmoja, na moshi ukaja mwisho, puani. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki.

Kama angeniachia hapo, ningemshukuru. Lakini tangu siku hiyo aliniambia nitajifunza kugawa, maana mafuta ya moshi hugawanywa na mke wa mtoto wa nyumba na si na mama mwenye nyumba, na Klemansi hayupo. Klemansi alikuwa mke wa kaka yake Janvier, walikuwa wamehamia Goma. Majirani wote walimsifu mbele yangu. Klemansi alikuwa na mkono. Klemansi alijua yote kabla ya mvua moja kwisha. Mama Veneranda peke yake, baada ya siku hiyo, hakumtaja tena kamwe, na mimi, mjinga, nilidhani ni kwa huruma.

Nilijifunza. Chungu huletwa kimefunikwa na mafuta yake meupe, hakijaguswa, na mgeni mkubwa ndiye anayepewa kijiko avunje, ili aone kwa macho yake kwamba hajapewa mabaki. Ukichota, unashuka pembeni hadi chini, hulambi juu juu, maana chini ndiko nyama ilikolala na juu ndiko mafuta yaliko, na kila mtu ana haki ya vyote viwili. Unakandamiza kwa mgongo wa kijiko cha mti, unakizungusha mara moja, unakiondoa. Viazi au ndizi za kuchemsha viwe vya moto sana. Pilipili inakaa pembeni, kwenye kisahani chake, haichanganywi. Kahawa bila maziwa. Na unayegawa husemi kitu mpaka mgeni ale. Hivyo tu. Nimeyaandika kwa maneno machache na nadhani hata mtu wa mbali anaweza kuyafuata. Mimi nilifanyishwa hayo wiki baada ya wiki, asubuhi, mchana, mgeni akiwepo au asiwepo, kwa viazi ambavyo baadaye tulivila vimepoa, na kila mara, nikiondoa kijiko, mama Veneranda alisema, "Hapana."

"Hapana nini, Mama?"

"Mukono yako iko na moto."

"Moto ya namna gani?"

"Fanya tena."

Nilinawa kwa maji ya mtoni, baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Hapana. Nilifanya polepole kama padri anayeinua kikombe. Hapana. Siku moja kwa hasira nilifanya haraka haraka, kama nilivyogawia wachimbaji Mubi, paa, paa, paa, nikisubiri anifukuze. Aliangalia viazi kwa muda, nikaona kitu kama kicheko kinapita kwenye shavu lake. Hapana. Nilianza kuota neno hilo. Leo nikiona fundi anamfundisha mwanafunzi, na mwanafunzi anauliza kosa liko wapi, na fundi anatikisa kichwa tu kama vile ujuzi ni siri ya kanisa, natamani kumchapa fundi. Kosa lisilotajwa haliwezi kurekebishwa. Lilikuwa linaniamsha na kunilaza.

Janvier alikuwa tandiboyi wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo mwenye magazini, yaani duka kubwa, huko Mubi, kwa hiyo nyumbani alifika kama mgeni. Mchana mmoja wa mvua, akiwa amejilaza juu ya godoro, nilimwambia yote.

"Mama yako hanipende."

"Anakupenda."

"Umejuaje?"

"Hajakufukuza bado."

Akalala. Nilikaa pembezoni mwa kitanda nikisikiliza mvua kwenye mabati na mama mkwe akitwanga chumvi upande wa pili wa ukuta, nikafikiri: kama ningeiba chungu kimoja nikapanda lori, kesho kutwa ningekuwa kwa mama yangu, ningewagawia madereva mafuta haya yakiwa yanachemka na wangelamba sahani.

Kiangazi kilipoanza nguruwe walianza kufa. Ugonjwa uliingia kutoka bonde la chini na kupanda kilima nyumba kwa nyumba. Jioni nguruwe anakula, asubuhi amelala ubavu, masikio yamekuwa ya zambarau. Tulifukia wetu wote nyuma ya migomba, na mama Veneranda alisimama juu ya shimo, kisha akaenda jikoni akazima moto, na kwa mara ya kwanza tangu nije jiko lile lilikuwa baridi. Na ulikuwa wakati mbaya, maana Odeti alikuwa amepata mchumba. Aliitwa Dezire, fundi wa kutengeneza fromaji, yaani jibini, kule Kirolirwe kwenye ng'ombe, kijana mnene mwenye sauti ndogo. Kila alipokuja alileta gurudumu la fromaji amelifunga kwenye kitambaa, na kila alipokuja aliingia jikoni moja kwa moja, akaketi kwenye kigoda na kula mafuta ya moshi kama mtu aliyetoka kufungwa. Mama mkwe alimpenda kwa hilo. Alisema mtu anayejua kungoja mafuta yalegee atajua kungoja mke.

Wazazi wa Dezire walikuwa wanakuja kuomba binti rasmi, na chungu lazima kiwepo. Janvier ndiye aliyetuokoa. Alinunua nguruwe Mubi, ambako ugonjwa haukuwa umefika, akamleta juu ya lori la tajiri wake, amefungwa juu ya magunia, analia njia yote, na wasafiri wote wa lori wanamtukana Janvier. Niliona fahari: nguruwe wa kwetu. Mama Veneranda alimzunguka, akambonyeza mgongo, akasema, "Iko na harufu ya pori." Lakini aliwasha moto. Tulirudi kwenye moshi, sisi watatu, na safari hii nilikata, nikatia chumvi, nikaning'iniza, nikachemsha, nikaponda, na nikamimina mafuta meupe juu mimi mwenyewe, na yeye aliketi akiangalia. Siku hizo nilipita nyuma ya jiko nikasikia Odeti na Dezire wakisemezana.

"Utamuambia papa yako siku gani?"

"Nitamuambia. Ngoja kwanza."

"Siku itafika, naye atajionea yeye mwenyewe."

"Nimesema nitamuambia, Odeti."

Nilielewa nilivyoelewa. Tangu hapo nilikuwa namwangalia Odeti tumbo. Nilimpa vipande vyenye nyama zaidi, nikambebea maji, na yeye akanishangaa.

Siku ikafika. Sebule tuliijaza mabenchi tuliyoazima kwenye parokia, tukatandika vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti chenye mgongo. Watu wa Kirolirwe walifika na matope mpaka magotini, pikipiki zao zimekwama mara kadhaa, wakanawa miguu uani, wakavaa viatu safi walivyovibeba kwenye mifuko. Baba yake Dezire, Papa Naasoni, alikuwa mzee mpole, mwenye suti ya kijivu iliyopigwa pasi mistari. Maneno yalikwenda vizuri. Upande wetu alisema baba mdogo wa Janvier, Papa Fostini, mtu wa kelele lakini mwenye moyo. Walipokubaliana, mama Veneranda alinitazama kutoka mlangoni na kuinua kidevu. Nikaleta chungu. Viazi vilikuwa vinafuka. Mafuta yalikuwa meupe, tambarare, hayana hata alama ya kidole. Nilipiga goti mbele ya Papa Naasoni na kumpa kijiko ili avunje.

Hakukipokea. Alikiangalia kijiko, akaniangalia mimi, nikaona anaumia.

"Binti yangu, asante. Harufu iko muzuri, siwezi kudanganya. Lakini siye, kwa kanisa yetu, nguruwe hatukulaka."

Nje mtu alikuwa anaendelea kucheka jambo lake. Nilimtafuta Dezire kwa macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Yule yule aliyekwangua vyungu vyetu kila alipokuja, leo anaangalia viatu. Nyuma ya pazia Odeti akaanza kulia, na hapo ndipo nilipoelewa ni kitu gani ambacho hakikuwa kimesemwa kwa baba, na jinsi nilivyomlisha bure.

Papa Fostini alisimama. "Munakatala chungu yetu, na mutoto yetu munakamata?"

"Hatukatale chungu, Papa. Ni nyama tu."

"Nyama tu! Na huyu Odeti, munafikiri alikomaa na nini? Na kabichi? Kila mufupa yake iko nguruwe! Kama nguruwe iko mubaya kwenu, naye iko mubaya!"

"Sikusema mubaya..."

"Umesema! Chungu ya mama yake iko hapa mbele yako!"

Watu wa Kirolirwe wakaanza kuvuta kofia zao kutoka chini ya mabenchi. Mama Veneranda alikuwa bado mlangoni, amesimama wima, na uso wake ulikuwa kama siku ile ya shimo la nguruwe. Na mimi niko magotini, kijiko kimenyooshwa, hakuna aliyekichukua, na nawaambia ukweli, sikufikiri habari ya Odeti. Nilifikiri: mwaka mzima. Mwaka mzima wa hapana, vidole vimekufa ganzi, macho yamekuwa mekundu, na leo, siku moja niliyoiva, huyu mzee hali. Nilitaka kumvunjia chungu kichwani. Kisha, sijui ni nini, labda magoti yalianza kuuma, nikakumbuka restora ya mama yangu. Mubi mteja akisema hiki sili, humuulizi ukoo wake wala dini yake. Unaondoa unaleta kingine, kabla njaa haijageuka kuwa ugomvi.

Nikainuka na chungu changu. "Papa, munisamehe," nilisema kwa sauti ya kusikika uani. "Nimekosea chungu. Hii haikukuwa yenu."

Wote walijua ni uongo. Papa Fostini alijua, Papa Naasoni alijua. Lakini uliwapa watu pa kushika. Nikaenda jikoni, nikakata fromaji ya Dezire vipande vinene, nikarudi na beseni, nikanawa mikono mbele yao kwa sabuni, nikachukua kijiko kingine na sahani ambazo hazijaguswa na nguruwe, nikaonyesha. Nikapasua viazi vya moto. Nikaweka fromaji juu. Papa Naasoni alinyoosha mkono apate kula, na mimi, bila kufikiri, nikamshika mkono. Tukangoja, mimi na mzee wa watu, mkono wangu juu ya mkono wake, mpaka ukingo wa fromaji ukang'aa, ukalegea, ukaingia kwenye nyufa. "Sasa, Papa," nikasema. Alikula. Alifumba macho. "Hii mutoto," aliwaambia wenzake, "ametoka wapi?" Papa Fostini akaketi, akanyoosha sahani yake, akanung'unika kwamba hata yeye ana njaa. Kofia zikarudi chini ya mabenchi. Odeti aliolewa, na wamezeeka pamoja, na Dezire hajaacha kuniogopa.

Mimi nilirudi jikoni nikakaa chini. Chungu kilikuwa mbele yangu, kizima, cheupe. Sebuleni wanacheka, kazi imeokoka, na mimi nilitaka kulia kwa hasira. Mama Veneranda akaingia. Nilijua atasema nini: sikumuuliza, nimemwondolea chungu chake mbele ya wakwe, nimegawa maziwa ya watu wengine kwenye viazi vyake. Akavuta kigoda. Akachukua viazi viwili kati ya vilivyobaki kwenye majivu, akavipasua, kisha yeye, aliyenisumbua na kijiko cha mti na mgongo wa kijiko, akavunja mafuta kwa kidole gumba, akachota kwa vidole, akaweka kwenye kiazi changu na kwenye chake. Tukangoja. Tukala.

"Mama," nilisema, "uniambie leo. Kosa ya mukono yangu ilikuwa wapi?"

Alitafuna hadi akamaliza. "Haikukuwa."

"Haikukuwa vipi?"

"Ilipitaka. Tangu Pasaka unajua."

Pasaka ilikuwa imepita kabla ya kiangazi, kabla ya nguruwe kufa, kabla hata Dezire hajaanza kuja. Niliweka kiazi chini. "Na juu ya nini ulikuwa unasema hapana? Kila siku, hapana, hapana?"

Alijifuta kidole kwenye kitenge. Hakunitazama, alitazama moto. "Klemansi alijua mbiyo," alisema. "Ungejua mbiyo, ungebakia hapa kufanya nini?"

Nimelirudia swali hilo miaka yote hii na kila mara limenikasirisha upya. Ningebaki kwa sababu niliolewa. Ningebaki vizuri zaidi kama ungeniambia neno moja jema. Ningebaki, na haingesaidia kitu, maana kabla ya msimu uliofuata tajiri wa Janvier alimpa kazi kwenye magazini ya Mubi na tukahama, na mama Veneranda alisimama njiani akiangalia lori, mrefu, mwembamba, akanipa chungu na hakunikumbatia. Mtu akiogopa kuachwa, amshike mwenzake kwa mkono. Asimshike kwa hapana. Hayo yote nilikuwa nayo kwenye ulimi jikoni mle, na sikusema hata moja, wala baadaye sikusema, na sasa hayupo wa kuambiwa.

Kutoka sebuleni Papa Fostini aliita kahawa. Nikainuka kwa mazoea. Mama mkwe akanivuta kitenge.

"Bakia. Nitapeleka miye."

Akachukua birika, akatoka na mwendo wake ule. Nikabaki peke yangu na chungu. Hasira ilikuwa haijaniisha, na nikachukua kiazi kingine, nikaweka mafuta, nikangoja yalegee, nikala mpaka nikashiba.